Hassan Fathy, msanifu aliyekataa kunyamaza: funzo lake kwa Isiolo na kwetu Pwani



Mwezi uliopita nilikuwa Isiolo kwa harusi ya jamaa za mke wangu. Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, nilimwomba shemeji anipeleke nje kidogo ya mji. Nilitaka kuona mahali ambapo, yapata miaka kumi na mitano iliyopita, nilisimamia ujenzi wa nyumba za familia zilizokuwa zimekimbia mapigano ya mifugo. Wakati ule nilikuwa kijana nina diploma yangu ya ujenzi, nimetoka Mombasa, nimepewa kofia ya plastiki na ramani iliyochorwa mbali, nikaambiwa nihakikishe kila nyumba inafanana na mwenzake.

Zilifanana kweli. Chumba kimoja, kuta za tofali za saruji, paa la mabati lililokaa chini karibu na kichwa, na dirisha moja dogo linalotazama magharibi. Mimi ni mtoto wa Pwani. Kwetu hata asiyekanyaga skuli anajua kwamba dirisha hufuata upepo, na kwamba jua la jioni halikaribishwi ndani. Nililiona kosa siku ya kwanza. Nikajiambia mimi nina diploma tu, waliochora wana digrii, na wenye fedha wameshatia sahihi. Nikanyamaza.

Safari hii nilikuta mbuzi ndani ya nyumba zile. Mama mmoja mzee wa Kiborana alitukaribisha chai ya maziwa. Yeye analala katika kibanda alichokijenga kwa mikono yake, cha fito zilizokunjwa na mikeka, hatua chache kutoka kwenye nyumba ya saruji aliyopewa. Nilimuuliza sababu, shemeji akanitafsiria. Alisema kwamba mchana nyumba ile inapika na usiku inaweka moto wa mchana, na kwamba hata mbuzi hutoka ndani adhuhuri. Hakujua kuwa mimi ndiye niliyesimama pale na ramani. Sikumwambia. Chai ilinishinda kumeza.

Njiani kurudi mjini nilimkumbuka mtu niliyemsoma nikiwa chuoni, Mmisri aitwaye Hassan Fathy. Alifariki mwaka 1989, na huenda wengi wetu hatujamsikia, ingawa wasanifu majengo wa dunia nzima wanalijua jina lake. Leo naomba niwasimulie maisha yake. Mtaona wenyewe kwa nini kisa chake kilinifuata hadi Isiolo.

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi 1900, katika familia iliyojiweza. Baba yake alikuwa na mashamba lakini hakupenda kuyakanyaga. Kwake yeye mashamba yalikuwa joto, nzi na maradhi. Mama yake alikuwa kinyume. Alikulia utotoni karibu na shamba, na aliwasimulia watoto wake habari za wanyama, mifereji na mimea kwa mapenzi makubwa. Mtoto Hassan akakua akiipenda nchi ambayo hajaiona. Alitaka kusomea kilimo, lakini alipokwenda kufanya mtihani wa kuingia chuoni alianguka, maana hakujua lolote la shambani. Ndipo akageukia usanifu majengo, akahitimu Cairo mwaka 1926.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa serikalini, katika idara ya miji. Alitumwa kujenga skuli katika mji mdogo wa Talkha, kwenye delta ya Mto Nile huko kaskazini. Hali aliyoiona ilimwumiza hata akawa anatafuta njia ya kuzunguka asipite katikati ya mji. Baadaye alikwenda kuona shamba mojawapo la familia yake mwenyewe. Aliwakuta wakulima wanaishi katika vibanda vichafu, vya chini, visivyo na choo wala maji. Akatambua kwamba raha ya nyumbani kwao ilitoka kwa watu hawa, na kwamba yeye amekula jasho lao miaka yote bila kuuliza wanalala wapi. Aliona haya. Wengi wetu tukiona haya hufumba macho. Yeye aliifanya haya ile kuwa kazi ya maisha yake.

Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Mkulima wa Misri hana fedha za saruji, chuma wala mbao. Misri yenyewe haina misitu, mbao zote zinatoka ng'ambo. Je, mtu huyu atapataje nyumba nzuri? Wataalamu wa wakati ule walijibu kwamba asubiri nchi itajirike, au serikali imjengee. Fathy alitazama chini akaona udongo. Mkulima tayari anajenga kwa tofali za udongo zilizokaushwa kwa jua, tena bure. Tatizo lilikuwa paa, kwa sababu paa lilihitaji mbao, na mbao ni ghali. Kama paa nalo lingeweza kuwa la udongo, maskini angekuwa na nyumba nzima bila kumwomba mtu.

Mwaka 1930 alianza kufundisha katika skuli ya sanaa nzuri Cairo, na huko aliendelea na fikra zake. Mwaka 1937 aliwaonyesha watu michoro yake ya nyumba za udongo katika mji wa Mansoura na pia Cairo. Wengine walizipenda kama picha tu. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, chuma na mbao zikaadimika, na Fathy akapata nafasi ya kujaribu. Alijenga kwa udongo katika shamba la Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo huko Bahtim. Kuta zilisimama vizuri. Mapaa ya tao yalipoanza kupandishwa yakaanguka. Mafundi hawakujua namna ya kuyajenga bila kuyashikilia kwa mbao kutoka chini, na mbao ndizo hazikuwepo.

Hapa ndugu yake Ali, ambaye alikuwa na kazi katika bwawa la Aswan kusini kabisa mwa Misri, alimpasha habari. Alimwambia kwamba Wanubi wa kule wanaezeka nyumba na misikiti yao kwa matao ya udongo, wala hawatumii mbao za kushikilia. Mwaka 1941 Fathy akasafiri kwenda Aswan. Alikuta vijiji vizima vimesimama kwa namna ambayo wahandisi wa Cairo walidhani haiwezekani. Waashi wa Kinubi huanza kwa kuinua ukuta mmoja wa mwisho wa chumba. Kisha huegemeza juu yake safu ya kwanza ya tofali kwa mshazari, na kila safu inayofuata inalalia ile iliyotangulia, mpaka tao limefunika chumba kizima. Tofali zile huchanganywa na majani makavu mengi ili ziwe nyepesi. Watu wawili, tezo moja na udongo, basi. Chumba kinafunikwa kwa siku moja au mbili.

Msomi huyu wa chuo kikuu hakuona tabu kuwa mwanafunzi wa mafundi wasiojua kusoma. Aliwachukua waashi wa Aswan akaenda nao kaskazini, wakajenga, na matao yakasimama. Kuanzia hapo hakuacha kuwataja. Kila alipotoa hesabu ya kazi zake alieleza kwamba elimu ya paa ilitoka kwa Wanubi, si kwake.

Sasa tufike penye kiini cha makala haya. Kama Fathy angeishia kujenga nyumba nzuri za udongo kwa marafiki matajiri, angekuwa msanifu hodari na hadithi ingekwisha. Yeye aliamini kwamba mwenye ujuzi wa ujenzi ana wajibu wa kwenda mbele ya serikali na kusema namna watu wanavyopaswa kukaliswa. Hakungoja kuitwa. Aliandika ripoti, alipiga hesabu za gharama, aliwafuata mawaziri na wakurugenzi afisini mwao, na alijenga nyumba za mfano ili maneno yake yaweze kuguswa kwa mkono.

Mara ya kwanza alipojaribu aliambulia maumivu. Karibu na Maadi, kusini mwa Cairo, palikuwa na kitongoji kiitwacho Ezbet al-Basri kilichosombwa na mafuriko. Shirika la Hilali Nyekundu lilitaka kuwajengea wakaazi nyumba mpya. Fathy alijenga nyumba moja ya mfano kwa pauni 164 za Misri, yenye vyumba safi na paa la tao. Wakubwa waliitazama, wakaisifu, kisha wakachagua nyumba za zege zilizogharimu mara kadhaa zaidi. Nyumba yake ikabomolewa. Alijifunza pale kwamba bei nafuu peke yake haishindi. Katika afisi nyingi udongo ni alama ya umaskini, na saruji ni alama ya serikali kufanya kazi. Afisa akikata utepe anataka apigwe picha mbele ya zege.

Hakukata tamaa, na mwaka 1945 ikaja kazi iliyomfanya ajulikane. Mbele ya mji wa Luxor, upande wa magharibi wa Nile, watu wapatao 7,000 walikuwa wakiishi Gourna, juu ya makaburi ya wakubwa wa Misri ya kale. Baadhi yao kwa vizazi walikuwa wakichimba humo na kuuza walichokipata. Ulipotokea wizi mkubwa wa kipande cha mwamba kilichochongwa, serikali ya mfalme iliamua kijiji chote kihamishwe. Idara ya Mambo ya Kale ilimkabidhi Fathy kazi ya kujenga kijiji kipya bondeni, kwenye shamba la ekari 50, kwa sababu nyumba zake zilikuwa rahisi kuliko za mtu mwingine yeyote.

Aliiona kama nafasi ya kuionyesha Misri nzima njia mpya. Hakutaka kuchora nyumba moja na kuirudia mara mia tisa. Alitaka kila familia iulizwe inavyoishi, ina watu wangapi, ina ng'ombe au haina, inapokea wageni wapi. Alipanga koo zikae pamoja, kila kundi likizunguka uwanja wake mdogo, kama walivyokuwa wamezoea. Alijenga msikiti, soko, skuli ya wavulana na ya wasichana, ukumbi wa maonyesho, na mahali pa kufundishia kazi za mikono. Aliweka minara ya kunasa upepo wa kaskazini na kuuteremsha vyumbani. Alichora hata ziwa dogo la watoto kuogelea, ili wasiogelee mferejini wakapata kichocho. Na vijana wa kijiji walikuwa wajifunze uashi hapo hapo kazini, ili mradi ukiisha ufundi ubaki. Hesabu yake ilikuwa ya kijamaa. Mtu mmoja hawezi kujijengea nyumba peke yake, lakini watu kumi wakisaidiana wanaweza kujenga kumi. Sisi tuliozoea kuitana kukandika nyumba ya jirani tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Kijiji hakikumalizika. Ilijengwa sehemu ndogo tu, na kufikia mwaka 1948 kazi ilikuwa imekwama. Fathy alieleza kwa urefu jinsi karatasi za serikali zilivyomchosha. Kununua majani makavu ya kuchanganya na udongo kulihitaji zabuni na sahihi na kungoja, mpaka msimu wa majani unapita. Mishahara ya vibarua ilichelewa. Mradi ulihamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, na kila wizara mpya ilianza kwa kuuliza kwa nini wa udongo.

Karatasi hata hivyo zilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa watu wenyewe. Watu wa Gourna hawakutaka kuhama. Makaburi yalikuwa mlango wao wa riziki, na juu kule mlimani ndiko walikozaliwa. Inasimuliwa kwamba wakati kijiji kipya kinajengwa, baadhi yao walitoboa tuta la kuzuia maji ili bonde lifurike na kazi iharibike. Wapo pia waliochukizwa na makuba juu ya vyumba vya kulala, kwa kuwa kwao kuba lilikuwa la kaburi la walii. Mapaa yale yalikuwa mila ya Wanubi wa Aswan. Gourna haikuwa Aswan.

Hapa ndipo nimekuwa nikitafakari tangu nirudi kutoka Isiolo. Fathy alikuwa mtu wa kuwasikiliza watu kuliko msanifu yeyote wa zama zake. Lakini aliitwa baada ya uamuzi kupita. Amri ya kuhamisha ilishatolewa. Alichoachiwa kuwauliza watu ni aina ya nyumba, na jambo ambalo wao walitaka kuulizwa ni kama wahame au wasihame. Hata akina mama, ambao ndio wakaaji hasa wa nyumba, hakuweza kuzungumza nao kwa sababu ya mila ya utengano, na alikiri kwamba hilo lilikuwa pengo. Ujuzi wake wote na huruma yake yote havikuweza kuiziba kasoro ya amri ya mwanzo.

Baada ya Gourna aliendelea kutumikia umma. Kati ya 1949 na 1952 aliongoza idara ya majengo ya skuli katika Wizara ya Elimu, na skuli yake ya Fares, kusini mwa Misri, iliyojengwa kwa matao ya udongo na njia za upepo, inaonyesha alichotaka kuwapa watoto wa vijijini. Alirudi kufundisha, akawa mkuu wa sehemu ya usanifu. Lakini serikali mpya ya mapinduzi nayo ilipenda zege kama ile ya mfalme. Mwaka 1957 akaondoka, akaenda Athens, Ugiriki, kufanya kazi na kampuni ya Constantinos Doxiadis, iliyokuwa ikipanga miji ya nchi nyingi. Huko alishughulikia makaazi ya Iraki miongoni mwa mengine, na kushiriki utafiti juu ya miji ya siku zijazo. Miaka michache baadaye alirudi Cairo. Nchi yake haikuwa imemwita, ila hakuweza kuiacha.

Katika miaka ya sitini alipewa kazi nyingine kubwa, kijiji cha New Baris katika jangwa la Kharga, mahali ambapo maji yalikuwa yamegunduliwa chini ya ardhi. Joto la huko ni la kuua. Fathy alijenga soko la udongo lenye minara ya upepo na ghala za chini, ili mboga za mkulima zikae siku kadhaa bila barafu wala umeme. Mwaka 1967 vita na Israel vikazuka, fedha zikasimama, na kijiji hakikumalizwa. Mara ya pili ndoto yake ilibaki nusu.

Alipokosa udongo alishika kalamu. Mwaka 1969 Wizara ya Utamaduni ya Misri ilichapisha kitabu chake juu ya kisa cha Gourna, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Chicago kikakitoa tena kwa jina linalomaanisha usanifu kwa ajili ya maskini. Kilichonivutia mimi katika kitabu kile ni kwamba si cha kujisifu. Ameweka hesabu za tofali na mishahara, ameweka makosa, ameeleza alivyoshindwa. Aliyashitaki maafisa ya serikali kwa majina ya idara zao, tena akiwa raia wa nchi ile ile. Wanafunzi wa India, Marekani na Afrika walikisoma, na mtu aliyeonekana Cairo kuwa mzee wa udongo akawa mwalimu wa dunia.

Heshima zilikuja amechelewa. Mwaka 1980 alipata Tuzo ya Mwenyekiti katika tuzo za usanifu za Aga Khan, na mwaka huo huo tuzo ya Right Livelihood iliyoanzishwa Sweden. Mwaka 1984 Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo ulimpa medali yake ya dhahabu. Wakati huo huo, jengo la Dar al-Islam huko New Mexico, Marekani, lilikuwa likipandishwa kwa waashi wake wa Kinubi, wakiwafundisha Wamarekani kujenga msikiti wa udongo bila mbao za kushikilia. Nyumbani Misri mambo yalikwenda kombo kwa namna nyingine. Bwawa Kuu la Aswan lilizuia tope lililokuwa likirutubisha mashamba kila mwaka, serikali ikapiga marufuku kuchimba udongo wa kilimo kwa ajili ya tofali, na mzee ikambidi ajenge kwa mawe ya chokaa.

Aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya kale chini ya ngome ya Cairo, na paka wake, akiwapokea wanafunzi. Alifariki tarehe 30 Novemba 1989. Rabbi amrehemu. Kijiji chake cha Gourna kiliharibiwa na maji ya chini na ujenzi holela, mpaka katika miaka hii UNESCO na wenzake walipoanza kukitengeneza. Na wale watu wa mlimani? Kuanzia mwishoni mwa 2006 nyumba zao za kale zilibomolewa kwa mashine, wakahamishiwa mtaa mwingine mpya wa serikali. Wasia wa Fathy haukufuatwa hata hapo.

Sasa turudi kwetu. Isiolo leo haiko mbali nasi watu wa Pwani kama tunavyodhani. Mwaka 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, na ramani yake inapita Garissa hadi Isiolo, ambako kumepangwa reli, bomba la mafuta na mji wa kitalii. Uwanja wa ndege wa Isiolo ulifunguliwa mwaka 2017. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilianza kazi mwaka 2021. Mstari ule ule uliochorwa mezani umetufunga kamba moja, sisi wavuvi na wao wafugaji.

Na sisi tumeshaonja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za watu wa Lamu zilivunjwa katika ujenzi wa bandari, ikiwemo haki ya kushirikishwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Serikali ilipinga hukumu. Lakini funzo limebaki, kwamba kuulizwa baada ya ramani kukamilika si kuulizwa. Ndicho walichokisema watu wa Gourna walipotoboa tuta, ila wao hawakuwa na katiba ya 2010 mkononi.

Nchi hii ina wasanifu wengi wazuri. Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya kipo tangu 1967, na husikika sana majengo yanapoporomoka, kama lile la Huruma mwezi Aprili 2016 lililoua watu karibu 50. Husema kweli, na tunawashukuru. Lakini nyumba ya mabati iliyoelekezwa kwenye jua haiporomoki. Haiui siku moja ikaingia kwenye habari. Inamchosha mtoto anayejaribu kusoma ndani yake, inamtoa mzee nje usiku, na haina mtu wa kuitisha mkutano na waandishi kwa ajili yake. Tangu 2024 tuna sheria ya nyumba za bei nafuu, na kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5. Fedha ni zetu. Je, nyumba ya Isiolo itachorwa kwa joto la Isiolo, au itakuwa ile ile ya Nairobi iliyopakiwa kwenye lori? Hilo ndilo swali la sera ambalo wasanifu wanapaswa kulisimamia mbele ya bunge la taifa na la kaunti, sasa hivi, kabla zabuni hazijafungwa.

Nisieleweke kwamba nataka watu wote wakae kwenye udongo. Fathy mwenyewe alibanwa na mapenzi yake kwa kuba, akalipeleka mahali lisipotakiwa. Ninachosema ni kwamba mama yule wa Kiborana anajua jambo kuhusu upepo na kivuli ambalo ramani yangu haikulijua, na kazi ya mtaalamu ni kumfuata, kujifunza kwake kama Fathy alivyojifunza Aswan, kisha kupeleka ujuzi huo afisini ukiwa na hesabu na sahihi.

Na sisi wadogo je, wenye diploma, mafundi, wasimamizi wa maeneo ya kazi? Dini yetu imetukataza kuficha ushahidi. Zamani nilidhani hilo ni la mahakamani tu. Mtu anayeona dirisha limewekwa mahali pabaya, naye amesomea madirisha, tayari ni shahidi. Fathy alibomolewa nyumba, akakatizwa vijiji viwili, akaitwa mwendawazimu wa udongo, lakini hakuna atakayesema siku ya hesabu kwamba aliona akanyamaza.

Nimempigia shemeji simu. Nimemwomba aongee na fundi wa pale mtaani, na mwezi ujao inshaallah nitakwenda kwa nauli yangu. Tutaanza na nyumba moja, ya yule mama, kama atakubali. Tutatoboa ukuta wa upande wa upepo, tutainua mabati, na tutaweka kivuli cha mikeka upande wa magharibi. Safari hii nitamwambia mimi ni nani, na nitamuuliza kwanza.